Choo cha saiti kinahitaji bajeti ya kila mwezi

Ukitaka kujua saiti ya ujenzi inaendeshwaje, usianzie ofisini. Omba kwenda chooni. Ukikuta vyoo viwili, kimoja kina kufuli na ufunguo anao injinia, kingine ni cha mabati ambacho hata mlinzi anakikwepa, umeshajua mengi kuhusu mahali hapo kabla hujaangalia nondo hata moja.

Nimesimamia ujenzi Dar es Salaam kwa miaka mingi, nyumba za kuishi na ghorofa za kawaida. Ninaowaandikia ni makandarasi wadogo, waliosajiliwa kwenye madaraja ya chini, na mafundi wakuu wanaopewa kazi moja kwa moja na mwenye nyumba. Kampuni kubwa zina maofisa usalama wao, wao wanajua la kufanya hata wasipolifanya.

Kuweka choo, maji na banda la kulia si kazi ngumu. Siku mnapokabidhiwa saiti kila mtu ana ari: mabati mapya, ndoo yenye koki, sabuni, pengine na bango. Ikifika wiki ya tatu koki inavuja, sabuni imeondoka na haijanunuliwa nyingine, na shimo la choo limeanza kujaa vipande vya mifuko ya saruji kwa sababu watu hawana maji ya kuchambia. Hapo hakuna aliyeamua kuwatesa wafanyakazi. Fedha ya kuendesha haikuwepo tangu mwanzo, basi.

Tazama BOQ zetu, yaani zile orodha za vipimo na bei za kazi. Mambo ya wafanyakazi yamo kwenye gharama za awali, na wengi tunayaandikia namba moja ya jumla ili tusionekane ghali. Mimi huigawa namba hiyo. Sehemu ya kwanza ni kusimika: mbao, mabati, tenki, mabomba. Ya pili ni kuendesha, na hiyo naihesabu kwa mwezi: maji, sabuni, dawa ya choo, ujira wa msafishaji, gari la majitaka. Faida yake utaiona mradi ukichelewa kwa sababu za mwenye mradi. Ukiwa na bei ya mwezi una pa kuanzia mazungumzo ya kulipwa nyongeza. Ukiwa na namba ya jumla, utabembeleza.

Kisheria hili halina mjadala. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wana haki ya kuingia kwako. Mkataba wa 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu ujenzi peke yake, unataja kwenye ibara ya 32 maji safi ya kunywa, vyoo na mahali pa kunawa, mahali pa kubadilishia na kukaushia nguo, pa kulia, na pa kujikinga hali ya hewa ikiwa mbaya. Unataka pia wanawake na wanaume wawe na vyoo na sehemu za kunawia tofauti. Orodha hiyo inatosha kuanzia. Nikitafuta cha kuongeza kwa hapa kwetu, nitasema maji ya kutawadha na sehemu ndogo safi ya kuswalia. Usipoiweka, watu watatawadha kwenye tenki la kumwagilia zege, na maji yake unayajua yalivyo.

Tuanze na choo chenyewe. Kwa nyumba ya kawaida, ushauri wangu ni kuchimba na kujenga mapema lile shimo la kudumu lililopo kwenye ramani, ulifunike kwa zege, kisha choo cha saiti kitumie hilohilo. Gharama ilikuwa inakuja tu. Mwenye nyumba anaweza kununa kwamba shimo lake jipya linatumiwa na vibarua. Muahidi kwamba litanyonywa kabla ya kumkabidhi, na utimize. Ila usijaribu hivyo kichwakichwa maeneo kama Mikocheni, ambako maji ya ardhini yako juu. Masika yakianza, shimo ambalo halikujengwa vizuri linajaa maji ya chini na uchafu unapanda. Kule ni afadhali tenki lisilovuja, choo kikae juu kidogo kwa ngazi, na gari la majitaka liwe na njia ya kufika. Hiyo njia ikumbuke. Nimeona choo kizuri kikizungukwa na rundo la kokoto na tofali hadi bomba la gari halifiki.

Kwenye ghorofa kuna tatizo jingine. Fundi aliye sakafu ya sita hatashuka ngazi zote zile kwenda kukojoa. Atatafuta chupa au kona, na kona anayoipenda ni shimo la lifti. Kumfokea ni kupoteza sauti. Jengo likipanda, pandisha choo: sakafu ya tatu au ya nne, bomba la muda linaloshuka hadi chini, pipa la maji na kopo. Bomba lifungwe vizuri ukutani na viungo vyake vigundishwe kwa gundi, maana likiachia, aliye chini atakusimulia.

Saidia fundi wanawake wapo kwenye saiti nyingi, wakibeba maji, mchanga na tofali, na wengi wao hujibana siku nzima wasinywe maji ili wasihitaji choo. Choo chao kiwe na mlango unaofika chini, komeo la ndani, maji, na ndoo yenye mfuniko ya kutupia pedi. Ndoo hiyo ni rahisi kuliko vyote, na ndiyo inayosahaulika karibu kila mahali.

Msafishaji mpangie ujira sawa na saidia fundi, au zaidi kidogo, na umpe buti na glavu. Ule mtindo wa kumpa kazi ya choo aliyechelewa asubuhi uache kabisa. Kazi iliyogeuzwa adhabu hufanywa kwa hasira, na kesho yake akichelewa mtu mwingine mwenye maneno makali, foremani anaogopa kumpa, choo kinalala hivyohivyo. Na kile chenye kufuli? Kivunje, injinia atumie cha wote. Mimi sijapata ratiba ya ukaguzi inayofanya kazi kuliko hiyo.

Maji. Joto la Januari hadi Machi hapa Dar linajulikana. Kwa mtu anayefanya kazi juani, glasi moja kila dakika 15 au 20 si anasa. Mimi hupanga lita 5 kwa kichwa kwa siku. Watu 40 ni lita 200, madumu kumi ya lita 20. Visima vingi vya pwani ni vya chumvi, kwa hiyo usiseme "kisima kipo" ukadhani umemaliza. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chake chenye koki na mfuniko, kivulini, mbali na tenki la kumwagilia zege, na kiandikwe kwa herufi kubwa. Kikombe kimoja cha wote ndicho kinachosambaza magonjwa ya tumbo. Kila mtu awe na chupa yake. Waliokuwa saiti mwaka 2015, kipindupindu kilipoanzia hapahapa Dar mwezi Agosti, hawahitaji kuhubiriwa. Wakati wa Ramadhani anzeni kazi mapema na mmalize mapema. Kumwaga zege saa nane mchana na watu waliofunga ni kutafuta mtu wa kuanguka.

Kunawa kuna uzito wake kwa sababu ya saruji. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole. Maumivu huja baadaye, fundi akiwa ameshafika nyumbani. Wengine hupata mzio wa kromiamu iliyomo kwenye saruji, mikono inapasuka na kuwasha, na ukishaupata huwa hauondoki, kila ukigusa saruji unarudi. Wekeni mabomba ya kunawia karibu na sehemu ya kuchanganyia zege, pamoja na sabuni ya kipande iliyofungwa kwenye soksi na kuning'inizwa (haiibiwi kirahisi). Wapaka rangi wakatazeni kunawa kwa petroli au thina.

Mama lishe ni sehemu ya saiti, mkubali msikubali. Mjengeeni banda lenye paa na mabenchi, mbali na vumbi la saruji na mbali na mahali vitu vinapopandishwa, mumpe maji safi ya kuoshea vyombo. Chai ya saa nne na wali maharage wa mchana vikiliwa chini ya banda, hutawakuta watu wamelala chini ya mirunda ya slabu. Madeni ya chakula myaache baina yake na wateja wake. Foremani akianza kukata deni kwenye ujira siku ya malipo, jioni hiyohiyo utasikia maneno kwamba analo fungu lake.

Nguo za nyumbani zinahitaji chumba chenye kufuli, misumari ya kutundikia na ubao wa soketi za kuchajia simu. Ukiuweka huo, watu wanaacha kuchokonoa nyaya za mashine ya zege. Sanduku la huduma ya kwanza likague kila Jumatatu, plasta huisha kabla ya vingine.

Mkimaliza kazi, lile shimo la muda, kama mlichimba la pembeni, linyonywe, liwekwe chokaa, lijazwe kifusi na kushindiliwa kwa tabaka, kisha lichorwe kwenye ramani anayokabidhiwa mwenye nyumba. Gari lake litaegeshwa hapo juu.