Hofu ya kuondoka nyumbani kwenda kutumikia jamii

Mdogo wangu, umesema una miaka 19, umepangiwa mwaka mzima wa kujitolea kwa taifa mbali na nyumbani, na unaogopa upweke kuliko kazi yenyewe. Nakuelewa. Mimi nililia usiku wa tatu, shamrashamra za mapokezi zilipokwisha na kila mtu kugeukia ukuta wake.

Kilichoniokoa ni kuosha sufuria. Jitolee jikoni mapema, maana mikono ikiwa na shughuli maneno huja yenyewe, hata kwa sisi wenye haya. Nyumbani usipige simu kila jioni. Mimi nilipanga siku mbili kwa wiki, na mama alizoea kabla yangu. Viatu vya kazi anza kuvivaa kabla ya safari, visije vikakuchubua.

Wenyeji waulize wanachohitaji kabla hujaanza kuwasaidia. Sisi tulipaka uzio rangi kumbe wazee walitaka mtu wa kuwasomea barua zao. Mpaka leo linaniuma.

Na huzuni ikikunyima usingizi na hamu ya kula kwa siku kadhaa, mwambie kiongozi wako waziwazi, usisubiri aione mwenyewe.