Usimfukie kuku kabla hajapasuliwa

Kundi langu la pili la kuku wa nyama lilikuwa na siku 24 nilipoingia bandani alfajiri nikakuta 11 wamekufa. Jioni ya jana yake walikuwa wakigombania chakula. Niliwafukia haraka kwa aibu, nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza kwa mdomo tu, nikapewa dawa ya mafua. Siku tatu zikapita na vifo vikaongezeka. Ndiyo maana wewe unayeanza ufugaji nakuambia hili kabla ya yote: kuku akifa, apasuliwe.

Daktari wa mifugo alipofika alimlaza mmoja chali akampasua mbele yangu. Utumbo mwembamba ulikuwa umejaa gesi na ulichanika kwa kuguswa tu. Ndani ulifunikwa na utando wa rangi ya kahawia, unaokwaruza kama taulo kuukuu, na harufu yake ilitutoa nje. Koksidia, vimelea vidogo vya utumbo wa kuku, aina ya Eimeria tenella huacha damu kwenye matumbo yale mawili yaliyoziba mwishoni. Huu ulikuwa ugonjwa mwingine, wa utumbo kuoza, unaoletwa na bakteria aitwaye klostridiamu perfrinjensi.

Bakteria huyu huishi hata ndani ya kuku mzima bila kumdhuru. Akipata mazingira mazuri huongezeka maradufu ndani ya dakika kama 10, kisha hutoa sumu. Zamani wataalamu waliilaumu sumu ya alfa. Mwaka 2008 watafiti wa Australia waliitambua nyingine, NetB, ambayo hutoboa matundu kwenye seli za utumbo. Elewa hapo vizuri: antibayotiki humuua bakteria, lakini haizibi matundu yaliyokwisha kutobolewa. Kuku aliyejikunyata na kusimamisha manyoya ameshaumia, na wengi hufa ndani ya saa chache. Dawa uliyoandikiwa na daktari inawaokoa wale ambao hawajafika huko.

Mlango nilimfungulia mimi. Wiki ya tatu niliongeza dagaa mara mbili kwenye chakula ili wanenepe upesi. Bakteria huyu hawezi kujitengenezea asidi amino (vijenzi vya protini) nyingi anazohitaji, kwa hiyo protini iliyozidi, isiyosagwa tumboni, ni karamu yake. Wakati huohuo chombo kimoja cha maji kilikuwa kinavuja na maranda yaliyotandikwa sakafuni yakalowa. Kwenye unyevu mayai ya koksidia hukomaa. Kuku akiyala, koksidia hujeruhi ukuta wa utumbo, protini ya damu inavujia ndani, na karamu inakuwa kubwa zaidi. Wafugaji wengi hukimbilia antibayotiki na kuiacha koksidia pale pale, halafu wanashangaa ugonjwa unarudi.

Kwa hiyo changanya chakula kwa vipimo, usikisie. Ukihama kutoka chakula cha kuanzia kwenda cha kukuzia, changanya taratibu kwa siku nne au tano. Fumbata maranda kila asubuhi. Yakishikamana mkononi kama tonge, yatoe. Usipokee vifaranga wapya juu ya maranda ya zamani, kwa sababu mbegu za bakteria huyu hustahimili joto na ukavu. Na ukitoa dawa, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio kabla ya kuchinja, maana atakayekula ni mtoto wa mtu.

Siku hizi kisu kikali, glovu na ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu vinakaa mlangoni mwa banda langu. Nikiona vichwa vimevimba na vilemba vimekuwa vya bluu sigusi, namwita daktari, kwa kuhofia mafua ya ndege. Vinginevyo, kuku akifa saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya saa mbili ameshapasuliwa. Mzoga ukilala kwenye joto la Pwani utumbo huoza wenyewe, na hapo hata daktari hawezi kukuambia kilichomuua.