Usiku mgonjwa anabaki na nani? Kwa wanaoanza kazi ya tiba shufaa majumbani

Tiba shufaa ni kumtuliza mgonjwa mwenye maradhi mazito maumivu na mateso yake. Mgonjwa wa nyumbani utakaa naye kwa muda wa saa moja, pengine mbili kukiwa na kidonda cha kusafisha. Saa zilizobaki ni za mkewe, binti yake au mkwe wake. Wewe umelala Chake Chake, mgonjwa yuko Micheweni, kaskazini ya Pemba, maumivu yakimpanda saa nane za usiku hutakuwepo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jiulize: usiku wa leo, atakayekuwa naye atafanya nini?

Mtafute muuguzaji, yaani yule wa nyumbani anayekesha na mgonjwa. Ukipiga hodi utapokewa barazani na kaka mkubwa au mjomba, na mpe heshima yake, kwani maamuzi ya nyumba yako kwake. Lakini anayejua kama mgonjwa amepata usingizi ni yule mwanamke aliyesimama mlangoni na kanga yake, akingoja wakubwa wamalize. Omba ruhusa ukae naye. Muulize yeye mwenyewe amelala lini, na nani anampokea zamu. Mara nyingi hakuna. Hapo rudi barazani, umwambie mjomba waziwazi kuwa huyu akianguka, mgonjwa hana mtu. Wengi wataitikia, walikuwa hawajaambiwa tu.

Wagonjwa wetu wengi wa saratani wameshavuka bahari kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na wamerudi na karatasi zao na chupa ya morfini ya maji, dawa kali ya maumivu. Na hiyo chupa inaogopwa kweli. Utaambiwa, "Akishapewa hiyo, ndiyo basi." Watu wamezoea kuiona kwa mtu anayekaribia kukata roho, wakadhani ndiyo iliyomuua. Usibishane. Eleza kwamba inatolewa kwa kipimo cha maumivu, si kwa kuhesabu siku zilizobaki, na kwamba mgonjwa anayeinywa kwa maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, ni nadra kugeuka teja. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo hupungua, kichefuchefu pia. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Papai peke yake halitoshi.

Tena kuna jambo la saa. Nyumba zetu zinakwenda kwa adhana, na muuguzaji atakwambia kwa nia njema kabisa kuwa atampa dawa kila baada ya sala. Baina ya alfajiri na adhuhuri zinapita kama saa saba. Baina ya magharibi na isha ni saa moja na kidogo. Morfini ya maji inafanya kazi kwa muda wa kama saa nne. Kwa mpango wa adhana mgonjwa atalia asubuhi nzima kisha atazidishiwa jioni. Muandikie saa: kumi na mbili asubuhi, nne, nane mchana, kumi na mbili jioni, nne usiku. Daktari akiagiza, dozi ya saa nne usiku huwa maradufu ili nyumba ilale mpaka asubuhi. Muulize daktari pia dozi ya ziada kwa maumivu yanayozuka katikati, na muuguzaji aijue kabla hujaondoka. Kipimo kiwe cha bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Bandika plasta kwenye mstari wake, umwache apime mbele yako. Chupa mpya ikija, soma nguvu yake upya, kwani hazilingani zote.

Kidonda kinachonuka kinamfukuzia mgonjwa watu. Utakuta bibi mwenye saratani ya matiti amehamishiwa chumba cha uani, na nyumba nzima inafukizwa udi. Moshi huo unambana pumzi. Vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua vijidudu, vikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa hupunguza harufu vizuri sana, na wajukuu wanarudi kukaa naye. Kwangu mimi hii ni katika kazi zenye faida kubwa kuliko zote tunazofanya. Kama mgonjwa ni mwanamke, afunuliwe na mwanamke mwenzake.

Utaombwa umfiche mgonjwa ugonjwa wake. Usiahidi, wala usikimbilie kusema. Muulize mwenyewe anajua nini na anataka kujua kiasi gani. Mara nyingi anajua, anawaficha wao.

Siku za mwisho zizungumze mapema, mchana, watu wakiwa wametulia. Waambie kwamba ataacha kula kwa sababu mwili hauhitaji tena, na kumlazimisha uji ni kumpalia. Pumzi itakuwa ya kukatikakatika, koo litakoroma, wamgeuze ubavu. Wasipoambiwa, watakodi gari usiku wa manane, na mzee atafia njiani badala ya kitandani kwake. Maji ya zamzam wampe kwa pamba iliyoloweshwa midomoni. Yasini na shahada zisomwe kwa sauti ya chini karibu naye. Hayo ni yao, wewe wapishe.

Akishafariki, nenda kwenye maziko au khitma. Mjane atakuwa katika eda ya miezi minne na siku kumi, kwa hiyo wewe ndiye umfuate. Mwache aseme habari za usiku ule. Wengi wanajilaumu kwa dozi ya mwisho waliyoitoa kwa mkono wao, na wanataka kusikia kwa mtu wa hospitali kwamba ugonjwa ndio uliomchukua. Morfini iliyobaki ipime mbele ya familia, iandike, uirudishe hospitali, hata kama jirani mwenye mgongo ameshaiomba.