Mleta mada, nenda kozi, ila beba daftari la kituo chako

Wakuu habari za wikiendi. Nimesoma uzi huu tangu jana, nikaona nisipite kimya. Kwa wanaoingia sasa: mleta mada ni askari wa wanyamapori, amefanya kazi miaka 9, juzi kapewa kituo chenye askari 14 na leo ana barua ya kwenda kozi ya uongozi wiki 3. Wenzake wanamwambia huko ni kula posho na kupiga picha na cheti, bora abaki kituoni, uongozi hufundishwa na pori. Anauliza aende au atafute udhuru, na kama cheti kinasaidia kupanda daraja.

Nenda. Wenzako wamepatia kidogo na nitafika huko, ila kwanza nikusimulie yangu.

Mimi ni mstaafu. Nilipitia chuo cha wanyamapori cha Pasiansi pale Mwanza, baadaye nikapanda chuo cha Mweka kujiendeleza, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeimalizia kwenye mapori ya akiba, sehemu ambazo mtalii ukimwona unamshangaa. Nilipopewa kituo cha kwanza nilikuwa najua kwata, silaha, kusoma ramani, kumkamata mtu na kumfikisha mahakamani kielelezo kikiwa hakijaguswa. Nilijua kuchoma moto wa mapema kabla nyasi hazijakauka sana. Nilichokuwa sijui ni la kumwambia askari ambaye simu imeingia usiku kwamba mama yake amefariki Kasulu, gari pekee la kituo limevunjika springi, na kesho yake ndiye kiongozi wa doria. Nilimwambia "pole, ni kazi ya Mungu", nikaenda kulala. Hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Wiki chache baadaye kijana mmoja alirudi doria bila redio ya mkononi. Ilimponyoka wakati wanavuka mto, maji yako kifuani. Asubuhi nikamtoa mbele ya paredi, nikamfokea mpaka sauti ikakauka, kisha nikaandika barua akatwe mshahara kulipia redio. Askari wote wamesimama wima kama milingoti, hakuna anayepepesa jicho. Nikajiona sasa hapa nimeshika kituo.

Na kweli kituo kilitulia. Kila jioni kwenye daftari la matukio: "Doria imerejea saa 12. Hali shwari." Kesho yake, shwari. Ripoti zangu za mwezi zikawa safi, mkubwa wangu akanipongeza kwenye kikao mbele ya wakuu wa vituo vingine. Nilirudi siku hiyo nimekaa kiti cha mbele kwenye Land Cruiser kama bwana harusi.

Ndipo ikaja barua ya kozi. Na mimi nilitaka kutafuta udhuru kama wewe. Chini kabisa ya barua waliandika kila mshiriki aje na daftari la matukio la kituo chake au nakala ya miezi 2. Wengi hawakuisoma hiyo sehemu. Mimi nililibeba kwa sababu nilikuwa najivunia nalo.

Mwezeshaji alikuwa mama mtu mzima ambaye maisha yake yote alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, hajawahi kushika bunduki. Tulitazamana: huyu atatufundisha nini? Siku ya pili akachukua daftari langu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Shwari. Shwari. Shwari. Watu wakaanza kucheka. Akahesabu siku 38 mfululizo, akafunga daftari na kuniuliza, "Baba, unalinda pori au bustani ya maua?" Kicheko kikaisha, akaniuliza tena taratibu, kama anavyoulizwa mgonjwa: "Mara ya mwisho mtu wako kukuletea habari mbaya ilikuwa lini? Na ulimfanyaje?"

Nikaona lile redio.

Akatusimulia kwamba wodini kwake muuguzi akikosea dozi na akaogopa kusema, anayekufa ni mgonjwa. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza kama mkuu wa wodi ilikuwa kuhakikisha kosa linamfikia yeye kabla halijamfikia mgonjwa. Hilo ndilo nililotoka nalo wiki zile 3. Mengine, mitindo ya uongozi sijui mingapi, nimeshasahau.

Niliporudi sikufanya mbwembwe. Nilisema paredini kwamba nilikosea kwenye suala la redio, na kwamba kuanzia leo anayeniletea habari mbaya kabla sijaigundua mwenyewe hataadhibiwa kwa kuileta. Anayeficha ndiye atakayeniona. Hawakuniamini. Karibu mwezi mzima daftari liliendelea kuwa shwari. Halafu mzee mmoja, aliyebakiza kama miaka 2 astaafu, akaandika: "Tumeona ng'ombe makisio 200 upande wa mashariki wa korongo. Hatukukamata, tulikuwa wanne na resheni imeisha. Njia yao si ya leo." Nilisoma sentensi ile ya mwisho mara 3. Njia yao si ya leo. Maana yake wanajua, na wamejua siku nyingi. Nikaweka sahihi pembeni na kuandika "asante", nikampa resheni na watu wengine 4.

Baada ya hapo ikawa mvua ya habari mbaya. Mitego ya nyaya iliyokuwa inang'olewa na kutupwa bila kuandikwa, kwa kuwa ukiandika utaulizwa "mlikuwa wapi ikategwa?". Bunduki moja inayokwama. Tochi 6 kati ya 10 hazina betri na kila mtu anajinunulia mwenyewe. Askari mmoja aliyekuwa anatoka doria na homa kwa kuogopa kuonekana mvivu.

Sasa sikia sehemu ambayo hawatakwambia ukumbini. Ripoti ya robo mwaka ilipopanda juu, kituo changu kikaonekana kimeoza. Matukio yamepanda, mitego imepanda, mifugo imepanda. Mkubwa wangu akapiga simu: "Umeenda kozi ukarudi umeharibu?" Kosa langu lilikuwa kupeleka namba kabla ya kupeleka maelezo. Ilibidi nifunge safari mpaka makao ya kanda na madaftari yote mawili, la zamani na jipya, nikamwonyesha kwamba pori ni lile lile, kilichobadilika ni kalamu. Alielewa nusu. Wewe usisubiri: kabla hujaanza kuwafungua midomo watu wako, kaa na mkubwa wako umwambie miezi 6 ijayo namba zitakuwa mbaya na kwa nini.

Siku hizi mna SMART, ule mfumo wa kurekodi doria, kwenye simu, kilomita zinajihesabu zenyewe. Ni jambo zuri. Lakini nimeona vituo vinashindana kilomita, askari wanatembea barabarani kwenye uwazi kwa sababu huko ndiko kilomita zinakojaa haraka, na kwenye vichaka hakuna mtu. Kiongozi akisifia kilomita ataletewa kilomita.

Kuna mdau hapo juu kasema tangu tuhamie mfumo wa jeshi usu (utumishi wa kiraia unaoendeshwa kwa nidhamu ya kijeshi), uongozi ni amri tu na utii, kozi hazina nafasi. Mkuu, hapana. Nidhamu naipenda, mimi mwenyewe kwata ilinitoa ujinga. Mkikutana na watu wenye magobole saa 9 usiku hakuna kikao, kuna amri. Lakini saa hizo ni chache mno katika mwaka. Zilizobaki ni za resheni, likizo, posho ya doria iliyochelewa, wanandoa wanaogombana nyumba ya tatu, na mwanakijiji aliyekaa chini ya mwembe anakusubiri. Na saluti ina tatizo lake: inaficha uso. Askari akikupigia saluti kali huwezi kujua ana jambo.

Tena hapo kwenye amri, kozini tulitumia siku nzima kujadili Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, ile ya kupambana na ujangili. Wakongwe mnakumbuka hali ilivyokuwa. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta tembo 38,975 katika ikolojia ya Selous na Mikumi. Ya mwaka 2013 ikakuta 13,084. Kwa hiyo haja ya operesheni ilikuwepo, hakuna wa kubisha. Ilianza Oktoba, mwezi uliofuata ikasimamishwa kwa malalamiko ya watu kuteswa, kuuawa na kuporwa mali, na Desemba mawaziri 4 wakaondoka kwenye nafasi zao. Yule mama hakutaka tuzungumzie mawaziri. Alituuliza: kiongozi wa kikosi cha watu 6, usiku, kijijini, ameona mwenzake anavuka mipaka ya kazi na kumtesa mtu, alikuwa na maneno gani ya kutumia? Tulikaa kimya. Tulikuwa watu wazima 30, na hakuna aliyewahi kufundishwa namna ya kumzuia mwenzake mbele ya watu bila kuvunja kikosi. Tukafanya mazoezi ya kusema: "Simama. Huyu nimemchukua mimi." Inaonekana kitu kidogo. Jaribu kuitamka ukiwa umechoka na una hasira.

Zoezi jingine nililolipenda ni la kifuta jasho, ile hela ya pole anayopewa mtu aliyeharibiwa mali na wanyamapori. Unapewa karatasi: wewe ni afisa, mbele yako mkulima ambaye tembo wamelala kwenye mahindi yake, shamba liko mita 300 kutoka mpaka wa pori. Kwa kanuni za mwaka 2011 tulizokuwa tunatumia, shamba lililo chini ya mita 500 halipati kitu. Mweleze. Mwenzetu mmoja akajitolea kuwa mkulima, na katikati ya igizo akaanza kulia kweli, kumbe shamba la mama yake liliwahi kuliwa hivyo hivyo na yeye ndiye alikuwa amevaa sare. Aliyeigiza afisa alikuwa amejaa vifungu vya sheria. Mama akamsimamisha: "Kwanza umeliona shamba lake?" Toka siku ile sikuwahi kumwambia mtu "kanuni haikuruhusu" kabla sijatembea naye shambani hadi mwisho wa tuta la mwisho. Jibu halibadiliki, hela haipatikani, ila yule mtu ndiye atakayekupigia simu akisikia mlio wa bunduki.

Darasa letu lilichanganya watu wa wanyamapori na wa uvuvi, na nakuombea lako liwe hivyo. Marekani kuna idara moja inayoshika samaki na wanyamapori pamoja, U.S. Fish and Wildlife Service, na wana kituo chao cha mafunzo kule Shepherdstown, West Virginia. Sisi ni wizara mbili na kila mtu na sare yake. Nilikaa meza moja na afisa uvuvi wa Ziwa Victoria. Kazi yake wakati huo ilikuwa kuhakikisha sangara wanaovuliwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85 tu, kukamata nyavu haramu kama makokoro na timba, na kufanya kazi na BMU, vile vikundi vya wavuvi vya ulinzi shirikishi. Alikuwa anachoma nyavu haramu hadharani mwaloni, watu wote wakitazama. Siku moja mwenyekiti wa BMU akaacha kumpa taarifa, bila ugomvi, salamu kama kawaida. Ilimchukua muda kujua kwamba moja ya zile nyavu ilikuwa ya shemeji wa mwenyekiti, aliyeambiwa na dukani kwamba ni halali. Nyavu ilistahili kuchomwa. Lakini kama angemwita mwenyekiti pembeni dakika 10 kabla, asingepoteza macho yake yote ya usiku. Nilivyomsikiliza nikajiona mimi na redio langu.

Sasa tuje kwa wenzako. Wamepatia hapa: kozi nyingine ni upuuzi. Slaidi asubuhi hadi jioni, mwezeshaji hajawahi kulala kwenye hema, chai nzuri, cheti, kwaherini. Nimezihudhuria mbili za hivyo na sina kumbukumbu ila samaki wa kukaanga. Njia ya kujua mapema: mpigie mratibu, muulize kama kuna kitu cha kuja nacho kutoka kituoni, na kama kuna mtu atakayekutafuta miezi 3 baadaye kukuuliza umefanya nini. Akibabaika, nenda hivyo hivyo, lakini beba daftari lako na utafute watu wa kuongea nao jioni.

La mwisho, ambalo liliniumbua. Usiondoke kabla hujamwachia mtu barua ya kukaimu, iliyosainiwa na kupelekwa kwa mhasibu. Mimi nilimwachia msaidizi wangu maneno ya mdomo na funguo. Sahihi yake haikukubalika, askari wangu wakakaa siku 12 bila posho ya doria wakati mimi niko ukumbini najifunza kuwajali watumishi! Ghala la silaha mkabidhiane kwa maandishi, hesabuni risasi moja moja mbele ya shahidi, hata kama msaidizi ni shemeji yako.

Ulivyouliza kama cheti kinasaidia kupanda daraja: peleka nakala kwa afisa utumishi mwenyewe kwa mkono na usainishe kwamba kapokea, halafu weka ulichokibadilisha kituoni kwenye malengo yako ya PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Changu mimi kilikaa kwenye droo ya mtu miaka 2.

Kijana wa redio aliendelea kukatwa. Barua yangu ya kuomba kufuta makato ilichelewa, akahamishwa kabla haijajibiwa. Nilimlipa sehemu kutoka mfukoni kwangu. Alipokea, akashukuru, akanipigia saluti.