Zana za kilimo au vifaa vya kilimo?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mkoani Njombe. Tunaandika barua ya kuomba msaada, na kwenye orodha yetu kuna majembe 40, pampu 6 za kupulizia dawa, pawatila moja (trekta dogo la kuongozwa kwa mikono), mbegu, mbolea, mabuti na magunia. Kichwa cha barua niliandika "Maombi ya zana za kilimo". Mwenyekiti akafuta "zana", akaweka "vifaa". Mjumbe mmoja akashauri tuandike "vifaa na zana", mwingine akapinga kwamba hiyo ni kusema kitu kimoja mara mbili. Nimefungua kamusi nikakuta zana ni vifaa vya kufanyia kazi. Sasa tofauti iko wapi?

JIBU: Ndugu katibu, mwenyekiti wako hakukosea, ila neno lake ni pana mno kwa barua hiyo. Neno lako ni zuri zaidi, lakini halina uwezo wa kubeba mbolea.

Tuanze na kifaa, maana asili yake iko wazi: kifaa ni kitu kinachofaa. Lugha haikuuliza kinafaa kwa njia gani, wala kama kitakuwepo kesho. Ndiyo maana ukiingia duka la vifaa vya ujenzi, pale Njombe mjini au Kariakoo, unakuta saruji, nondo, mabati, misumari na rangi, halafu ukutani pametundikwa nyundo, misumeno na miiko ya kupigia lipu. Vyote ni vifaa. Saruji itaishia ukutani na rangi itaishia juu ya saruji, lakini vimefaa. Vivyo hivyo vifaa vya shule: daftari na kalamu huisha, rula hubaki, na mzazi hununua vyote kwa jina hilo moja. Upana huu umefika hadi uwanjani. Magazeti ya michezo yakiandika kwamba Simba au Yanga imeshusha "kifaa kipya", msomaji anajua amesajiliwa mchezaji wa kutegemewa. Sijawahi kusikia mchezaji akiitwa zana.

Zana ni nyembamba kuliko hapo. Kwa jinsi neno linavyotumika na watu wa kazi, zana ni kile unachokishika au kukiendesha ili utende jambo juu ya kitu kingine: ulime, ukate, upasue, uchonge. Na kazi ikiisha, unaifuta udongo na kuirudisha stoo. Hapo kuna mambo mawili, na yote mawili lazima yawepo. Mbolea inatenda kazi ardhini, lakini haibaki. Mabuti yanabaki, lakini buti halilimi. Linakukinga tu wewe unayelima. Jembe linalima na linabaki, kwa hiyo jembe ni zana, sawa na panga, plau, pampu ya mgongoni na hiyo pawatila mnayoiomba.

Kwa hiyo kamusi yako ni sahihi: kila zana ni kifaa. Kosa ni kuigeuza sentensi hiyo, ukadhani kila kifaa ni zana.

Kama unataka ushahidi wa namna lugha rasmi inavyolitenganisha jambo hili, tazama majina mawili ya taasisi zetu. CAMARTEC ya Arusha, ambayo kazi yake ni kubuni mashine za mkulima na teknolojia za vijijini, kwa Kiswahili ni Kituo cha Zana za Kilimo na Ufundi Vijijini. Upande wa afya tuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019. Kwa nini isiwe "zana tiba"? Kwa sababu ndani ya fungu hilo mna glavu, bandeji, mabomba ya sindano yanayotumika mara moja na kutupwa, na pia mashine za eksirei za kudumu miaka. Ni neno vifaa pekee lenye mlango mpana wa kuviingiza vyote hivyo. Waliochagua majina hayo walisikia vizuri.

Wewe uko jirani na mfano ninaoupenda kuliko yote. Ukitoka Njombe kwenda Iringa, karibu na Iringa mjini kuna Isimila, ambako watafiti walikuta mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana. Mawe hayo huitwa zana za mawe, kama yale ya Olduvai. Bonde la Isimila limejaa mawe, lakini hatuyaiti yote zana. Jiwe alilolikalia mtu kupumzika lilimfaa, kwa hiyo ukipenda liite kifaa. Jiwe alilolimega pembeni mpaka likapata makali ya kuchunia ngozi, hilo ni zana. Kilichoongezeka ni nia ya mkono wa mtu kulifanya litende kazi.

Siwezi kukuficha kwamba kuna mahali kipimo changu kinalegea. Katika "zana za vita" watu huingiza vifaru na mizinga, ambavyo vinafuata kanuni vizuri, lakini huingiza pia mabomu na makombora, ambayo yakishatumika hayarudi stoo. Matumizi hayo yamezoeleka na sioni sababu ya kuyapiga vita. Hata hivyo, mahema, sare na viatu vya askari bado ni vifaa vya jeshi. Neno zana haliendi umbali huo.

Darasani nako kuna mchanganyiko. Mwalimu anapoandaa somo huandika zana za kufundishia, akimaanisha ramani, picha, vielelezo na vitu halisi anavyovitumia ili mtoto aelewe. Chaki na madaftari ni vifaa. Lakini walimu wengi siku hizi huandika "vifaa/zana", na mkwaju ule wa katikati ndio uliotufundisha wengi wetu kuyaona maneno haya kama pacha.

Mjumbe wenu aliyependekeza "vifaa na zana" alikuwa karibu na ukweli, ila mpangilio ulimponyoka. Ukitaja kundi kubwa kwanza kisha sehemu yake, inakuwa kama kusema umenunua matunda na maembe. Anza na lile dogo: "zana na vifaa vingine". Neno "vingine" ndilo linaloiponya sentensi, na hapo hakuna kurudia.

Nakuonya kuhusu maneno mengine matatu, maana yatajaribu kujipenyeza katika barua.

La kwanza ni chombo. Wazee wa pwani huita chombo hata randa na patasi ya seremala, na si kosa. Lakini maana iliyoshika nguvu leo ni kitu kinachobeba au kinachopokea: sufuria na sahani ni vyombo, jahazi ni chombo, bodaboda ni chombo cha moto, redio ni chombo cha habari kwa kuwa hutuletea habari. Ukiandika "vyombo vya kilimo", mfadhili anaweza kufikiri mnaomba ndoo.

La pili ni nyenzo. Nyenzo ni wingi wa wenzo, gogo au mti wa kusukumia kitu kizito, kama vile kukiteremsha chombo majini. Aliyesoma sayansi shule ya msingi anaikumbuka nyenzo pamoja na egemeo na mzigo wake. Leo ofisini, afisa akisema "hatuna nyenzo" anataja gari, mafuta ya gari na fedha kwa pamoja. Maana hiyo imekua vizuri kutoka ile ya zamani, kwa sababu bila wenzo mzigo hausogei. Kwa barua yenu, lakini, ni neno lisiloshikika. Anayetoa fedha anataka kujua ni majembe mangapi.

La tatu ni dhana, nalo ni suala la ulimi tu. Nimeona mabango yaliyoandikwa "dhana za kilimo". Dhana ni wazo, limo kichwani, halichimbi tuta. Angalia pia upatanisho: zana hii, zana hizi, zana zetu. "Mazana" halipo.

Sasa turudi kwenye orodha yenu. Mbegu na mbolea zina jina lao, pembejeo, na dawa za kupulizia mkiziongeza zitaingia humo. Serikali wakati mwingine hulipanua neno hilo, kiasi kwamba Mfuko wa Taifa wa Pembejeo umewahi kukopesha hata matrekta, lakini mkulima ukimwambia pembejeo zimefika anakimbilia mifuko, haendi kutazama trekta. Magunia ni vifungashio, na kwa wakulima wa viazi wanaosumbuliwa na lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, kila msimu, kifungashio kinastahili mstari wake peke yake. Mabuti ni vifaa vya kujikinga.

Kwa hiyo mimi ningeandika kichwa hivi: "Maombi ya zana, pembejeo na vifaa vingine vya kilimo". Mwenyekiti atalikuta neno lake, na wewe utalikuta lako likiwa mbele. Chini yake pangeni mafungu manne: zana (majembe, pampu, pawatila), pembejeo (mbegu, mbolea), vifungashio (magunia) na vifaa vya kujikinga (mabuti). Msomaji wa ofisini ataona mara moja kipi ni cha msimu mmoja na kipi kitabaki mali ya kikundi, na hilo kwa kawaida ndilo swali lake la kwanza.

Jambo moja zaidi. Majembe mengi madukani huuzwa bila mipini. Kama hayo 40 ni ya namna hiyo, ongezeni mipini 40, na iwekeni katika fungu la zana.