Nimeacha pombe, nijiunge na kikundi?

SWALI: Nina siku 5 bila pombe. Rafiki ananihimiza niende kwenye kikundi cha wanaoacha, lakini naona haya kujieleza mbele ya watu nisiowajua. Je, ni lazima?

JIBU: Si lazima, ila usikatae kabla hujaenda. Alcoholics Anonymous, jumuiya ya vikundi vya wanaosaidiana kuacha pombe iliyoanza Marekani mwaka 1935, haitozi ada wala haikulazimishi kuongea, sema tu, “Leo nasikiliza.” Mkutano huchukua kama saa moja. Ukiona haya, anza na mkutano wa wazi, ambao hata asiye na tatizo la pombe huruhusiwa kuingia.

Vikundi havifanani. Hudhuria vitatu au vinne ndipo uamue. Wengi hukosea hapa: huenda mara moja, wakakuta maneno ya dini yasiyowaingia, wakaviacha vyote. Visivyo vya dini vipo pia. Tafuta kinachokutana saa zile ulizozoea kunywa, maana ndipo hamu hukubana. Chukua namba za watu wawili, na uwapigie kabla hujashika glasi.

Lakini kikundi hakichukui nafasi ya daktari. Aliyekuwa akinywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege au kuchanganyikiwa, hasa siku 3 za mwanzo. Ukirudia kunywa kisha ukataka kuacha tena, pitia hospitali kwanza.