Pipa lisilojazwa

Kama kazi ya mvinyo ulijifunzia kwingine, ulikaririshwa mapema kwamba pipa haliachwi na nafasi: likipungua, jaza. Ukija Jura, mashariki mwa Ufaransa, kwenye ghala la mvinyo wa manjano, sahau hilo. Mimi sikusahau. Wiki ya pili nilikuta mapipa yamepungua sana, nikachukua jagi nikajaza moja hadi mdomoni, nikisubiri kusifiwa kwa bidii. Mwenye shamba hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa.

Wadogo zangu, zabibu yenyewe ni nyeupe, inaitwa Savagnin. Mvinyo wake unawekwa kwenye mapipa makuukuu, mengi ya lita 228, halafu unaachwa. Unapungua kwa kugeuka mvuke unaopita kwenye mbao, na juu yake hamira inatanda ngozi ya kijivu kama ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Utando huo unapitisha hewa kidogo kidogo na kuuzuia mvinyo usigeuke siki. Nilipomimina niliuzamisha, tena nikaondoa nafasi ya hewa unayoitegemea. Tulilazimika kupunguza na kusubiri uote upya.

Sheria hairuhusu kuuza kabla mvinyo haujakaa hadi 15 Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno, na katika muda huo angalau miezi 60 iwe chini ya utando. Chupa yake ni ya sentilita 62. Wenyeji husema ndicho kinachobaki kwenye kila lita. Basi ukisikia bei, usigune.

Kwa hiyo kazi kubwa ghalani ni kunusa na kutogusa. Usisogeze pipa, usiligonge, usitumbukize mrija kwa juu. Cha kuonja kinatolewa kwenye kibomba kidogo cha mbele, chini ya utando, na kidogo tu. Tafuta harufu ya jozi, bizari, tufaha lililopondeka, na zaidi ya yote uwatu. Hapo mtoto wa Pwani ana faida: wenzangu walikuwa wanahangaika kutafuta neno, mimi naijua tangu uji wa waliojifungua nyumbani. Si mawazo yangu tu. Sotoloni, kemikali inayotoa harufu hiyo, imo pia kwenye uwatu. Ukisikia harufu ya gundi au rangi ya kucha, mwite mwenye shamba siku hiyohiyo. Pipa la namna hiyo huondolewa kabla halijaharibika kabisa.

Shambani adui ni mvua na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu. Kilimo hai hakimaanishi hakuna dawa: tunapuliza shaba na salfa, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Andika kila upulizaji jioni ileile. Kumbukumbu za "nitaandika kesho" ndizo zinazotutesa mkaguzi akija.

Wageni wakija kuonja, usiwape mvinyo wa baridi kali. Nyuzi 15 hivi zinatosha, na chupa ifunguliwe saa kadhaa kabla, pembeni jibini ya Comté. Kilichobaki usimwage, kinakaa wiki kadhaa bila kuharibika.

Pipa langu lilichorwa msalaba wa chaki. Utando ulirudi, mwembamba. Nikipita nalinusa. Limebakiza miaka miwili.